Loji ya ziwani ilinichosha: nirudi au nisirudi?

SWALI: Shikamoo mama. Mwaka jana mimi, mume wangu na watoto wetu wawili (miaka 9 na 6) tulikaa siku nne kwenye loji ya magogo kando ya ziwa. Umeme hakuna, ni taa za chemli na sola kidogo. Maji unachota, unapikia kuni, na mtandao unashika ukipanda kilimani tu. Picha zilikuwa nzuri mno. Lakini usiku wa kwanza sikupata usingizi, siku zilizofuata nilishinda jikoni, na nilirudi kazini nimechoka kuliko nilivyoondoka. Mume wangu na watoto walifurahi na wanataka turudi mwezi ujao, siku nne zilezile. Je, mimi ndiye nisiyejua kupumzika, au sehemu kama hizo si za watu kama mimi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye maneno mawili uliyoyapitia haraka: "nilishinda jikoni". Basi sahau suala la kutojua kupumzika. Nafasi ya kupumzika hukuipata, kisha ukageuka ukajilaumu mwenyewe.

Nimepokea wageni kwenye loji za namna hiyo kwa zaidi ya miaka 20, na familia kama yenu naitambua asubuhi ya siku ya pili. Baba yuko kwenye gati na ndoana yake. Watoto wamo majini hadi magotini. Mama yuko nyuma ya nyumba, anapuliza moto, machozi ya moshi yanamtoka. Ukimuuliza habari za mapumziko atakujibu, "Tunafurahi sana." Sikiliza vizuri: anasema tunafurahi, hasemi nafurahi.

Watu wanapoona picha ya loji ya magogo hudhani utulivu wake umekuja wenyewe. Hotelini kazi zipo tele, ila zinafanywa na watu usiowaona, na ankara ndiyo inayokukumbusha kwamba walikuwepo. Loji isiyo na makuu inakurudishia kazi hizo mkononi: maji yachotwe na kuchemshwa, kuni zichanjwe, taa zijazwe mafuta kabla ya giza, vyombo vioshwe kwenye beseni. Chakula ulichozoea kukipika kwa saa moja kinakula saa mbili na nusu. Kazi hiyo yote ikimwangukia mtu mmoja, basi watu watatu wamekwenda mapumziko na wa nne amehamishwa kituo cha kazi.

Sasa usije ukadhani nasema kazi ni mbaya. Mwaka 2007 watafiti wawili wa saikolojia ya kazi, Sabine Sonnentag na Charlotte Fritz, walichapisha kipimo cha mambo manne yanayomrudishia mtu nguvu nje ya saa za kazi: akili kuachana na kazi, mwili kutulia, kujifunza au kumudu kitu kipya, na kuwa na uamuzi juu ya muda wako mwenyewe. Mtazame mumeo kwa macho hayo. Alichanja kuni, jambo ambalo nyumbani halifanyi. Alijifunza kupiga makasia. Alikwenda kuvua alipotaka, akaacha alipotaka. Alitoka jasho, na bado alipumzika kweli, maana yote manne aliyapata. Wewe ulipika, na kupika ndiyo kazi uifanyayo kila siku nyumbani, safari hii kwa vifaa duni zaidi, saa zako zikipangwa na matumbo ya wenzako. Hukupata hata moja.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalokutaka ufanye ni mazungumzo, na yafanyike nyumbani kabla ya mizigo kufungwa. Mkifika kule mmechoka, kila mtu atarudi kwenye nafasi yake ya zamani bila hata kufikiri. Katika mazungumzo hayo lipigeni marufuku neno "kusaidia". Anayesaidiwa ndiye anayebaki na kazi: akumbuke, aelekeze, akague, halafu ashukuru. Gaweni kazi nzimanzima. Maji yawe ya baba tangu kuchota, kuchemsha, kupoza, hadi kujaza chupa za watoto. Na asichemshe kwa kukisia. Yakishaanza kutokota kwa nguvu ahesabu dakika moja, na kama loji iko juu zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari ahesabu tatu, kwa sababu huko maji hutokota kabla hayajapata joto la kutosha. Mtoto wa miaka 9 anaweza kumiliki tochi na chaji ya sola: aziweke juani asubuhi, azirudishe jioni, na ikizimika tochi saa mbili usiku, tunajua wa kumuuliza. Huyu wa miaka 6 mpe kuokota vijiti vya kuwashia moto na kukung'uta mchanga kwenye mikeka. Atakung'uta vibaya. Mwache.

Na wewe? Wewe chukua kazi ambayo hujawahi kuifanya. Makasia, kwa mfano. Mwanamke aliyejifunza kuuelekeza mtumbwi mahali anapotaka hurudi na uso mwingine. Nimeushuhudia uso huo mara nyingi.

Kuhusu jiko lenyewe, ushauri wangu ni mlo mmoja wa moto kwa siku, basi. Milo mingine iwe ya vitu visivyohitaji moto, au vilivyopikwa nyumbani mkaja navyo. Muulizeni pia mwenye loji kama kuna mpishi wa kukodi. Mara nyingi yupo, ila hatangazwi, na ukiuliza siku ya kufika utaambiwa leo ameshaondoka. Siku ambayo mumeo ndiye wa jikoni, toka eneo lile kabisa. Usichungulie sufuria. Chai itanuka moshi, na utainywa hivyohivyo.

Jambo la pili ni saa. Mwaka jana mlikwenda na ratiba ya nyumbani, wakati ziwa lina ratiba yake, na ukiifuata unapunguziwa nusu ya uchovu. Maji hupata joto polepole kuliko ardhi. Kuyapandisha nyuzi moja kunahitaji joto mara nne au zaidi ya lile linalohitajika kwa udongo mkavu wa uzito uleule. Ndiyo maana asubuhi, jua likishapanda, nchi kavu hupata joto haraka, hewa yake huinuka, na hewa ya baridi kutoka ziwani husogea kujaza nafasi. Huo ndio upepo wa ziwani. Huanza taratibu kama saa nne au tano asubuhi, hupata nguvu mchana, hulegea jioni. Usiku mambo hugeuka: ardhi inapoa upesi kuliko maji, na upepo unaanza kutoka nchi kavu kwenda ziwani.

Kwa siku ya hali ya kawaida, basi, ziwa hukupa vipindi viwili vya utulivu: tangu alfajiri hadi katikati ya asubuhi, na tena kuelekea machweo. Vipindi hivyo viwili ni haramu kwa kazi. Kusiwe na kuosha vyombo wala kupanga mabegi. Kazi zote za nyumba ziende katikati ya mchana, wakati jua ni kali, maji yamechafuka, na hakuna unachokikosa nje. Nakumbuka mgeni mmoja aliyekaa kwetu siku tano, akaniambia siku ya kuondoka kwamba hajawahi kuliona ziwa likiwa limelala. Kila alfajiri alikuwa anasugua sufuria za jana.

Utaratibu huo pia ni wa usalama. Kama mtatoka na mtumbwi, tokeni mapema na mrudi kabla upepo haujashika. Jihadharini na upepo unaotoka ufukweni kwenda katikati ya ziwa, maana huo unakuonyesha maji matulivu ukingoni huku unakusukuma mbali. Na mkisikia radi, tokeni majini, msirudi mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho.

Ukishavipata vipindi hivyo viwili, utaniuliza uvifanyie nini. Kaa utazame maji. Sikutanii. Wanasaikolojia Rachel na Stephen Kaplan wa Chuo Kikuu cha Michigan walieleza kwamba umakini tunaoutumia kazini, ule wa kujilazimisha, huchoka kama msuli, na hupata nafuu pale macho yanapovutwa na kitu bila kulazimishwa: mawimbi, mawingu, matete yanayoyumba. Vitu hivyo vinakushika, lakini havikuombi ujibu chochote. Simu nayo inakushika, ila kila dakika inakuomba kitu.

Kama kukaa bure kunakusumbua (wengine huwasumbua, siwalaumu), fanya mchezo huu na watoto. Chomekeni kijiti pale maji yanapoishia, sehemu isiyopigwa na mawimbi, mkikague kila baada ya dakika kumi. Upepo ukishavuma kwa muda kisha ukatulia, mnaweza kuona maji yakipanda na kushuka kidogo, polepole, kama maji ya karai lililosukumwa. Katika karne ya 19 mwanasayansi Mswisi François-Alphonse Forel alilichunguza jambo hilo kwenye Ziwa Geneva, ambako bembea moja nzima kutoka upande mmoja hadi mwingine na kurudi huchukua kama dakika 73. Ziwa lenu litakuwa na muda wake, kutegemea urefu na kina. Kuutafuta muda huo ni kazi ya siku tatu, na haina haraka.

Sasa usingizi. Ulilala vibaya usiku wa kwanza, ukahitimisha kwamba sehemu ile haikufai. Karibu kila mgeni hulala vibaya usiku wa kwanza, hata kwenye kitanda kizuri kuliko chake. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walipima ubongo wa watu wanaolala mahali pageni kwa mara ya kwanza, wakakuta upande wa kushoto unalala usingizi mwepesi kuliko wa kulia, kama mlinzi aliyeachwa getini. Walipolala pale mara ya pili tofauti hiyo ilipungua. Kwa hiyo usiku wa kwanza usiupe hukumu. Asubuhi yake msipange safari, wala matembezi, wala chochote. Fikeni mchana, angalau saa mbili kabla ya giza, ili uone choo kiko wapi, ngazi ina vipandio vingapi, na mlango unafungwaje. Chukua mto wako wa nyumbani. Tena muulize mwenyeji usiku husikika nini: ndege gani, vyura, mtumbwi unaogonga gati. Ukisikia mlio unaoujua jina lake utageuka upande wa pili ulale.

Juu ya maji, usiku, sauti husafiri mbali kuliko ulivyozoea. Hewa iliyo karibu na maji huwa ya baridi kuliko ile ya juu yake, na mawimbi ya sauti hupinda kurudi chini badala ya kupotelea angani. Wageni wa banda la ng'ambo wanaweza kusikika kana kwamba wako barazani kwako. Nanyi mnasikika kwao, kwa hiyo habari za mawifi zisemeeni ndani.

Kuanzia usiku wa pili, acha giza likupeleke kitandani. Mtafiti wa usingizi Kenneth Wright na wenzake wa Chuo Kikuu cha Colorado waliwapeleka watu wanane kupiga kambi milimani kwa wiki moja bila taa za umeme wala simu, wakachapisha matokeo mwaka 2013: saa ya mwili, ile inayokuambia lini ulale na lini uamke, ilisogea mapema kwa kama saa mbili, homoni ya usingizi ikaanza kupanda karibu na machweo. Mwaka 2017 walionyesha kwamba hata wikiendi moja tu ya kambi inaisogeza saa hiyo kwa zaidi ya saa nzima. Siku zenu nne, basi, zinatosha, mradi usikae hadi saa sita usiku umeishika simu usoni. Mkiona wadudu wengi kama mbu wameizunguka taa, usishtuke sana. Maziwa mengi yana vijidudu wanaofanana na mbu lakini hawaumi kabisa, nao hutoka majini kwa makundi. Lakini kwa kuwa kuwatofautisha na mbu wenyewe gizani ni shida, chandarua kishushwe na kuchomekwa chini ya godoro kabla ya jua kuzama.

Kile kilima cha mtandao nakijua, kila loji ina cha kwake. Wenye kukipanda "dakika moja tu" hurudi na kazi kichwani hadi usiku. Ajira nyingine haziruhusu kupotea siku nne, nakubali. Njia iliyowasaidia wageni wangu ni kuandika, jioni ya kabla ya safari, kila jambo lililobaki kazini na hatua yake inayofuata: nani atafanya, lini. Watafiti Masicampo na Baumeister walionyesha mwaka 2011 kwamba jambo lisilokamilika huacha kukusumbua akilini ukishaliwekea mpango mahususi, hata kabla hujalimaliza. Kama bado ni lazima upande, panda mara moja kwa siku, baada ya chakula cha mchana, kamwe isiwe asubuhi wala kabla ya kulala.

Nimebakiza lililo zito, nalo wewe hukulitaja, ila najua lilikuwepo. Mama mwenye mtoto wa miaka 6 kando ya maji hapumziki hata akilala kwenye kitanda cha bembea. Jicho moja liko ufukweni. Na jicho hilo lina haki: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na kama robo ya wanaokufa hivyo ni watoto wa chini ya miaka mitano. Anayezama mara nyingi hapigi kelele, kwa sababu mdomo unaotafuta hewa hauna nafasi ya kuita.

Dawa yake ni zamu, zenye saa na jina. Kuanzia saa tatu hadi saa nne na nusu asubuhi, baba ndiye mwenye macho: hashiki simu, hashiki ndoana, hasomi, na mdogo yuko umbali wa kunyoosha mkono. Ukifika muda wako, mnakabidhiana kwa maneno kabisa, "Sasa ni wewe." Familia nyingi hudhani watu wazima wawili ufukweni ni ulinzi maradufu, kumbe kila mmoja anamtegemea mwenzake na hakuna anayetazama. Watoto wavae jaketi okozi za saizi yao, zilizofungwa, hata kwenye gati. Vile vibofu vya mikononi ni vya mchezo. Na zamu ikiwa si yako, ondoka ufukweni. Ukibaki pale utatazama tu.

Kwa wanaoogelea, maji ya juu yanadanganya. Jua likiyapasha, mita chache chini yanabaki baridi, na anayejitupa kwa kichwa anaweza kukutwa na mshtuko wa baridi unaomfanya avute pumzi kwa nguvu asipotaka. Ingieni taratibu. Mtu akishikwa na mshtuko, alale chali aelee kwa dakika moja au moja na nusu hadi pumzi irudi, ndipo aogelee.

Mengine kwa ufupi. Kwenye maziwa ya nchi za joto muulize mwenyeji kuhusu kichocho. Konokono wanaobeba vimelea vyake hupenda maji ya ukingoni yenye majani na yasiyokwenda. Kama mliingia majini sehemu yenye mashaka, mkapimwe wiki sita hadi nane baadaye hata kama hakuna anayeumwa. Kama ziwa lina viboko au mamba, neno la mwenyeji ndilo la mwisho, halijadiliwi. Maji yakiwa ya kijani kama rangi iliyomwagika, msiyaoge wala msiyachemshe kwa kunywa, kwani sumu ya mwani huo haiondoki kwa moto. Na jiko la mkaa lisiingizwe chumbani hata kama baridi inauma. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na huua watu usingizini.

Umeuliza kama urudi. Rudi, lakini kwa sharti: mumeo akubali kazi zake nzimanzima kabla ya safari. Akikujibu "tutaona hukohuko", tafuteni hoteli ya kawaida yenye jiko la watu wengine, na usione haya. Ziwa linaonekana hata kwenye dirisha la hoteli.

Mkienda, siku nne zile zigawe upya: tatu za ziwani, ya nne ya nyumbani kabla ya kurudi kazini. Mtafiti Jessica de Bloom na wenzake waliwafuatilia wafanyakazi wa Uholanzi walioenda likizo ndefu, wakaona kwamba faida yake ilikuwa imeyeyuka ndani ya wiki ya kwanza ya kazi. Mwaka jana hata wiki hiyo hukuipata, maana naamini ulifika nyumbani usiku, ukakuta begi la nguo mbichi zinazonuka tope na moshi, na kesho yake ni kazi. Siku hiyo ya nne nguo hizo zifuliwe mchana, na mwenye zamu ya kufua atajwe tangu sasa, katika mazungumzo yaleyale ya kugawana maji na kuni. Wewe umeshatumikia.

Niandikie mkirudi. Nataka kusikia habari za makasia, na za hiyo chai.